Mkono wa Nyamizi Ndani ya Mkia wa Ndege

Watu wa Geita walimjua Nyamizi kwa magauni ya Krismasi kabla hawajamjua kwa ndege. Ikifika Oktoba, wanawake wa kambi ya mgodi walijaa barazani kwake, kila mmoja na kitambaa chake kwapani, naye aliwapima kwa macho tu huku akiwaambia ukweli wao. "Mwaka jana ulikuwa na kiuno, dada yangu. Mwaka huu itabidi nikushonee kingine." Walicheka, wakakaa, wakanywa uji wake, na ikifika jioni hakuna aliyekumbuka kuwa alikuja kwa ajili ya gauni.

Alikuwa Msumbwa, mzaliwa wa Masumbwe, mwembamba wa mwili na mwembamba zaidi wa mikono. Kushona alifundishwa na masista wa misheni. Cherehani yake ya miguu aliachiwa na fundi mmoja mzee aitwaye Bujiku, ambaye macho yalipoanza kuingia ukungu alisema hataki chombo chake kiende kwa mtu asiyejua kukitia mafuta. Mumewe, Masele, alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, mtu mpana kama mlango, fundi katika karakana ya mgodi. Vidole vyake vilikuwa vinene kiasi kwamba akishika msumari mdogo huuoni tena. Mwana wao wa pekee, Eustace, alikuwa mbali akisomea ualimu, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, wakitaniana tangu wanapoamka.

Mwanzoni mwa mwaka 1955 Masele alirudi kutoka kazini akiwa na habari ambayo hakuweza kuisema akiwa amekaa.

"Mama Eustace, kuna ndege imekuja."

"Sikusikia mlio."

"Haina mlio. Imekuja kwenye makasha."

Nyamizi aliendelea kukoroga mboga. "Basi hiyo ni ndege ya kufugwa."

Lakini ilikuwa kweli. Alikuwapo mzungu mmoja mzee, Mswidi, mpima miamba, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa refu na gumu, watu wakalikata wakamwita Bwana Lindi. Wapo waliodhani ametoka Lindi, naye hakuwasahihisha. Alikuwa amestaafu kazi ya mgodi lakini hakutaka kurudi kwao. Alizunguka kwenye machimbo madogo ya Masumbwe na Kahama akiwapimia watu mawe, na kila masika gari lake lilizama kwenye tope wiki nzima. Ndipo akaagiza ndege ya viti viwili, ya kuungwa kwa mkono, kipande kwa kipande. Makasha kumi na moja yalisafiri kwa meli, kisha kwa gari moshi, kisha kwa lori, na sasa yalikuwa kwenye ghala la pamba ambalo mwenye ghala alikubali kulitoa mpaka msimu wa pamba utakapofika. Masele aliombwa kusaidia baada ya saa za kazi.

Nyamizi mwenyewe aliitwa mwezi wa tatu, na aliitiwa kitambaa. Mabawa ya ndege ile yalikuwa mbavu za mbao, na juu yake kulitakiwa kuvishwa kitani, kishonwe kwa mishono ya karibu karibu, kisha kipakwe dawa ya kukikaza. Bwana Lindi alimpa shikamoo ingawa alimzidi umri kwa miaka ishirini, kwa sababu hakuwahi kuelewa vizuri nani anamwamkia nani. Nyamizi akaona aibu kuitikia, akaona aibu zaidi kutoitikia, mwishowe akasema "Marahaba, shikamoo," yote kwa pamoja. Tangu siku hiyo ndivyo walivyosalimiana.

Alishona mabawa kwa wiki tatu, na alifurahia kila siku yake. Kitani kile kilikuwa imara na chenye ubaridi mkononi, tofauti na vitambaa vya dukani. Akiwa ameketi sakafuni katikati ya bawa lililolazwa, alikuwa akiwasikia wanaume wawili wakigombana na mkia.

Mkia ule haukuwa wa mbao. Ulikuwa wa bati jepesi lililokunjwa kama mgono wa kuvulia samaki: mpana upande wa viti, mwembamba mwishoni. Ndani yake kulikuwa na viduara vya bati vya kuuimarisha, kila kimoja na uwazi katikati, na kadiri ulivyoelekea mwisho nafasi hizo zilizidi kuwa ndogo. Huko mwisho kabisa kulikuwa na vipande vinne vya bati nene vilivyokunjwa kama kona ya sanduku, ambavyo usukani wa ndege ungefungwa kwavyo. Kila kona ilikuja na matundu manane yaliyotobolewa kiwandani. Lakini bati la nje lililozifunika kona hizo lilikuwa zima, halina tundu hata moja. Ilitakiwa litobolewe sawasawa na matundu ya ndani, ili ribiti, misumari mifupi ya kuungia bati, zipite pote pawili.

Ukisimama nje, huoni kona iko wapi. Ukiingiza mkono kwa ndani, hufiki. Mkono wa Masele uliishia kwenye kiduara cha pili, ukakwama, akalazimika kupakwa sabuni ili atoke. Mkono wa Bwana Lindi ulifika mbali kidogo, lakini kiwiko chake cha uzee kilikataa kukunja. Wakaamua kupima kutoka nje kwa rula na penseli, na kabla ya kuugusa mkia wakafanya jaribio kwenye vipande viwili vya bati bovu. Tundu likatokea kando ya mahali pake, kwa kiasi cha punje moja ya mchele.

"Punje ya mchele si nyingi," alisema Masele.

"Ukiwa juu ya miti," alisema Bwana Lindi, "ni nyingi sana."

Nyamizi alikata uzi kwa meno, akainuka.

"Samahani," alisema. "Mimi nikitaka tundu la kifungo lilingane na la kitambaa cha chini, silitafuti kwa juu. Napitisha sindano kutoka chini. Inapotokea, ndipo penyewe. Si mngetoboa kutoka ndani, tundu dogo tu la kuonyesha njia, halafu mkalipanua kwa nje?"

Bwana Lindi alivua miwani. "Hilo tunalijua, Mama Eustace. Kitabu kimesema hivyo. Tatizo ni mkono."

Nyamizi alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akapiga magoti kwenye uwazi wa mkia, akaingiza mkono wa kulia. Ulipita kiduara cha kwanza, cha pili, cha tatu. Shavu lake lililala kwenye bati, macho yakamtazama mumewe kwa ubavu.

"Nimeshika kitu kama kona ya sanduku," alisema. "Kina matundu. Moja, mbili, tatu... nane. Bati linakwaruza hapa, limekunjwa vibaya kidogo. Na kuna buibui."

Masele alipiga makofi, akacheka mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

Hivyo ndivyo mshonaji alivyohama kutoka mabawani kwenda mkiani. Lakini mkono kufika ni jambo moja na keke kufika ni jingine. Keke waliyokuwa nayo, ile ya kutobolea kwa kuzungusha mpini, ilikuwa ndefu kuliko nafasi yenyewe. Hata ungeipitisha, mpini usingepata mahali pa kuzunguka. Nyamizi alijaribu kuishika ncha yake peke yake, akaizungusha kwa vidole. Tundu la kwanza lilichukua asubuhi nzima. Alipotoa mkono, ncha za vidole zilikuwa zimevimba malengelenge, naye akasema kwa furaha, "Limepita!" Akaenda nje kulitazama: kidoadoa cha mwanga kwenye bati linalong'aa. Alilitazama muda mrefu kama mtu anayetazama jino la kwanza la mtoto.

"Bado thelathini na moja," alisema Bwana Lindi.

"Vidole vyangu ni kumi tu," alisema Nyamizi.

Aliyepata jibu alikuwa Masele. Nyuma ya karakana kulikuwa na lori lililokufa zamani. Alilichomoa kebo ya spidi, ule waya unaozunguka ndani ya mrija wake laini na kupeleka mwendo wa gurudumu mpaka kwenye saa iliyo mbele ya dereva. Waya ule unapindika upendavyo, na hata ukiwa umepindika unaendelea kuzunguka. Akatengeneza kishikio kidogo cha shaba, kifupi kama kidole gumba, akakifunga mwisho mmoja wa kebo na kukitia ncha ya keke. Mwisho wa pili ulitafuta kitu cha kuuzungusha, kitu chenye mwendo mwororo ambao mtu anaweza kuuongeza na kuupunguza.

Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya cherehani, akaitazama.

"Yaya," alisema Nyamizi, akikataa kwa Kisukuma cha mumewe ili aelewe vizuri. "Hapana. Nimesema hapana."

"Sijasema kitu."

"Umeitazama."

"Nitaitia mafuta kila siku. Sitatoboa chochote. Kichwa chake tutakiweka kabatini, nitumie miguu tu na gurudumu."

Kesho yake cherehani ya Mzee Bujiku ilipelekwa ghalani kwa mkokoteni, Nyamizi akitembea pembeni na mkono juu yake kama anayemsindikiza mgonjwa.

Masele alifunga kigurudumu kidogo mahali pa kichwa cha cherehani, mkanda ukapita juu yake, kebo ikatokea upande wa kushoto ambako mkia ulikuwa umelazwa. Nyamizi akaingiza mkono, Masele akaketi kwenye kigoda akaanza kukanyaga. Kebo ikavuma. Nyamizi alisikia ncha ikizunguka, ikagusa bati, ikalipapasa na kulisugua, isiingie. Aliendelea mpaka bati likapata moto.

"Haikati!"

"Inazunguka!"

"Inazunguka, lakini inalibembeleza tu!"

Bwana Lindi alikuna kidevu, akatazama cherehani, akatazama keke, kisha akaanza kucheka peke yake. Kwa kuwa kebo ilitokea upande wa kushoto, ilikuwa inazunguka kinyume. Keke iligeuza mgongo badala ya meno. Ilibidi kukanyaga kinyumenyume.

Kila aliyewahi kutumia cherehani ya miguu anajua jambo hilo lilivyo. Mguu huzoea upande mmoja. Ukitaka kuugeuza, gurudumu husita kidogo, kisha hurudi kwenye mazoea. Masele hakuwa na mazoea yoyote, na hilo lingemsaidia, ila hakuwa pia na mwendo. Alikanyaga kama anayeua nge. Gurudumu lilikwenda nyuma mara tatu, likaja mbele mara moja, likasimama. Nyamizi, shavu kwenye bati, alipiga kelele ambazo ndani ya mkia zilivuma kama ngoma.

"Nyuma! Baba Eustace, nyuma! Hiyo ni mbele! Pole pole! Usisimame!"

Wafanyakazi waliokuwa wakitoka zamu walikusanyika mlangoni. Mmoja alisema amepita njia nyingi lakini hajaona mwanamke akiliwa na ndege huku mumewe akicheza.

Nyamizi alitoka, akajifuta, akamweka mumewe chini kama anavyowaweka wasichana waliokuja kujifunza kushona. Akaushika mguu wake mkubwa kwa mikono miwili, akauongoza: kisigino, kidole, kisigino, kidole. Akamwimbia wimbo wa kutwanga ili apate mapigo. Mpaka jioni Masele alikuwa akikanyaga kinyumenyume kwa mwendo ulionyooka, macho amefumba, akiimba kwa sauti nene. Wakakubaliana alama: Nyamizi akigonga bati mara mbili, aanze, mara moja, asimame. Kelele zikaisha.

Siku iliyofuata walitoboa matundu matano. Siku ya tatu, saba.

Nyamizi alijifunza vitu ambavyo hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kupaka ncha nta ya mshumaa ili isichome. Alijifunza kuweka kidole cha shahada kando ya ncha ili isiteleze mwanzoni, na kuusikia mtetemo wa bati linapokaribia kuachia, sekunde moja kabla, ili alegeze. Alijifunza kufumba macho, maana macho hayakuwa na kazi kule, na yakifumbuliwa yaliuchanganya mkono. Kila walipokamilisha kona moja, Bwana Lindi aliyapanua matundu kwa nje, Nyamizi akashikilia kipande cha chuma kwa ndani, na Masele akazigonga ribiti kwa nyundo. Sikio la Nyamizi lililokuwa kwenye bati lililia mpaka wakati wa kula.

Tundu la ishirini na saba ndilo lililoharibika.

Ilikuwa adhuhuri, joto kali, na Masele alikuwa akitazama ng'ombe walioingia kwenye uwanja wa ghala. Mwendo ukapotea. Gurudumu likasita, likarudi mbele, likageuka tena nyuma kwa kishindo, na ncha ikaruka. Nyamizi aligonga mara moja. Alipapasa kwa kidole. Tundu la kwenye kona, ambalo lilikuwa la duara, sasa lilikuwa na umbo la yai, na upande mmoja wa yai ulikaribia ukingo wa bati.

Alimweleza mumewe kwa sauti ya chini. Bwana Lindi alikuwa nje akipaka dawa mabawa.

"Ribiti ina kichwa," alisema Masele. "Kichwa kitafunika."

"Kitafunika."

"Hata kioo cha Bwana Lindi hakifiki pale vizuri. Nani ataona?"

"Hakuna."

Wakaipitisha ribiti, wakaigonga. Ukiitazama kwa nje ilikuwa nzuri kuliko zote. Wakarudi nyumbani kula. Nyamizi alimega tonge la ugali, akalichovya kwenye mboga, akaliweka tena kwenye sahani.

"Unaumwa?" aliuliza Masele.

"Kidole changu kinalijua lile tundu," alisema. "Kila nikishika kitu, nalishika lile tundu. Yule mzee atakaa mle peke yake, juu, Baba Eustace. Atashika usukani akidhani umeshikwa na matundu thelathini na mawili."

Masele alitafuna polepole. Kisha akanawa mikono. "Mguu ulikuwa wangu," alisema. "Twende wote."

Walimkuta Bwana Lindi bado ana brashi mkononi. Nyamizi alimwambia yote, bila kupunguza, pamoja na ribiti ya kufunikia. Mzee alichukua kioo chake cha kunyolea, akakifunga kwenye kijiti, akawasha tochi, akachungulia kwa muda mrefu mpaka magoti yakamuuma. Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu. Nyamizi aliamini sasa atafukuzwa, na akajishangaa alivyoumia, maana miezi miwili iliyopita hakujua hata kuwa ndege ina mkia wa bati.

"Sioni," alisema Bwana Lindi. "Kwa kioo, sioni kitu. Ungenyamaza, nisingejua mpaka..." Hakumaliza. Alimpa mkono, kisha akampa Masele mkono, kisha akaketi juu ya kasha. "Kona ile lazima itoke. Na nyingine sina. Kuagiza ni miezi mitatu, na pamba itaingia humu ndani mwezi wa saba."

Masele alikuwa amekwisha kwenda kwenye rundo la mabaki. Alirudi na kipande cha bati nene kilichobaki kwenye kasha la saba, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza.

"Nipe siku nne," alisema.

Alikata, akakunja juu ya gogo la mti mgumu, akakwangua kwa tupa iliyo laini kuliko zote karakanani. Vidole vile vinene, ambavyo Nyamizi alizoea kuvicheka, vilikwenda juu ya bati kwa upole kama vinavyopangusa vumbi kwenye jicho la mtu. Siku ya nne Bwana Lindi aliipima kona mpya, akaipima tena, akaiweka karibu na mojawapo ya zile za kiwandani, akamuuliza Nyamizi ipi ni ipi. Nyamizi alizishika, macho amefumba.

"Hii ndiyo ya mume wangu," alisema. "Hii haikwaruzi."

Waliikata ribiti ile, wakaitoa kona mbovu, wakaweka mpya, wakatoboa upya. Masele alikanyaga akiwa ameupa uwanja mgongo, na hakuna ng'ombe aliyemfanya ageuke. Tundu la thelathini na mbili lilipopita, Nyamizi alibaki na mkono ndani kwa muda, hakutaka kuutoa. Kisha akagonga bati mara tatu, alama ambayo hawakuwa nayo, na Masele akaielewa, akaruka kutoka kwenye kigoda akacheza mbele ya makasha.

Mwezi wa sita alikuja mkaguzi wa ndege kutoka Nairobi, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na uso usiocheka. Alizunguka ndege nusu siku. Alivuta, akasukuma, akagonga mabawa kwa kidole yakavuma kama ngozi ya ngoma. Alipofika mkiani alipiga magoti, akaingiza tochi, akachungulia. Kisha akamuuliza Bwana Lindi kitu kwa Kiingereza, naye Bwana Lindi akamwonyesha Nyamizi kwa mkono.

"Anauliza nani katoboa huko," Bwana Lindi alieleza. "Nimemwambia. Hasadiki. Amesoma kwenye daftari langu kwamba tundu moja liliharibika na wewe mwenyewe ulilisema. Hilo pia hasadiki."

"Mwambie alete bati," alisema Nyamizi.

Kipande cha bati kilifungwa mle ndani, kwenye kona. Nyamizi alikunja mkono wa gauni, akapiga magoti, akalaza shavu, akafumba macho. Aligonga mara mbili. Masele akaanza, kisigino, kidole, akiimba chini chini. Kebo ikavuma. Kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai mkono ulitoka na bati. Mkaguzi alilitia kipimo chake, akaligeuza, akalitia tena. Kisha akafanya jambo ambalo hawakulitegemea: akavua saa yake, akakunja mkono wa shati, akajaribu kuingia yeye. Alikwama kwenye kiduara cha pili. Masele alikwenda kuleta sabuni. Alipotolewa, povu mpaka begani, mkaguzi yule alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akatia sahihi.

Miaka iliyofuata Nyamizi aliitwa mara nyingi. Ndege ya wamisionari ikipata ufa, au ya wapimaji wa almasi upande wa Shinyanga ikitaka kiraka mahali pembamba, ilikuja barua au gari, na yeye na Masele walipanda na cherehani yao. Magauni ya Krismasi hakuyaacha. Lakini ukimuuliza habari za ndege, hakuanzia kwenye matundu. Alianzia siku ya Masumbwe.

Bwana Lindi aliruka peke yake kwanza, mara saba, kutoka kwenye kiwanja cha mgodi, na kila aliposhuka Nyamizi aliingiza mkono mkiani akapapasa ribiti zote thelathini na mbili. Mara ya nane mzee alisema, "Kiti cha pili kiko wazi." Masele alitazama pembeni, akagundua kuwa ana kazi ya haraka karakanani. Nyamizi alijifunga khanga kichwani, akapanda.

Alisema baadaye kuwa aliogopa mpaka magurudumu yalipoachana na ardhi, na hapo woga ulibaki chini na vumbi. Aliona barabara ambayo ingemchukua siku nzima kwenye lori, nyembamba kama uzi uliodondoka sakafuni. Aliona mashamba ya pamba, milima ya mawe, ng'ombe wadogo kama mtama uliomwagika. Kitani alichokishona kilikuwa kimetulia juu ya bawa, mishono yake imenyooka. Alicheka kwa sauti, na upepo ukaichukua sauti yote, hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Masumbwe walikuwa wamepelekewa habari, wakafyeka uwanja wa malisho. Ndege iligusa chini, ikaruka kidogo, ikatulia. Vigelegele vilianza kabla injini haijazimwa. Mbele ya wote alikuja mama yake, Bibi Sikujua, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, akiwa amevaa gauni alilolificha kwa ajili ya sikukuu.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi alimwamkia, akipiga goti.

"Mwangaluka. Ni wewe uliyekuwa ukipiga kelele huko juu?"

"Ni injini, mayu."

"Mh." Bibi Sikujua aliizunguka ndege, akagusa bawa, akagusa mkia, akasalimiana na Bwana Lindi, ambaye alimpa shikamoo na safari hii alikuwa sahihi. Kisha, wakati watu wakimsalimia Nyamizi, wakimuuliza ya Geita na ya Eustace, hakuna aliyemwona akipanda. Walipogeuka alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili, mikono mapajani, mkanda wa kiti ameuzungusha shingoni kama mtandio.

"Mama, shuka, utaumia!"

"Nimesikia kuwa mwanangu ndiye aliyekifunga chombo hiki," alisema Bibi Sikujua. "Basi nami nina sehemu yangu. Mwambie mzee tuondoke kabla jua halijawa kali."

Bwana Lindi alimfunga mkanda vizuri. Nyamizi alibaki chini, mikono kichwani, akipiga kelele za woga na za furaha bila kuzitenganisha, akiitazama ndege ikipita juu ya nyumba za ndugu zake, ikizunguka mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu ambayo, Bwana Lindi aliapa, hakuwa ameipanga, aliamriwa.

Aliposhuka, Bibi Sikujua alijinyoosha gauni, akawaambia waliokusanyika kuwa ameona Kahama yote, na Tabora, na moshi wa gari moshi, na bahari kwa mbali. Hakuna hata mmoja aliyembishia.